Udongo unabanduka, maua yamepauka: je, ni mimi au ni udongo wa Dodoma?

*"Shikamoo mwalimu. Nilihamia Dodoma kikazi nikitokea Dar, nakaa Iyumbu. Kusema ukweli huu mji sijauzoea, jua kali, vumbi, miti imekauka, bahari nimeimisi sana. Rafiki yangu akanishauri nianze sanaa ya vitu vya asili eti itanituliza na nitajisikia niko karibu na mazingira. Nikachota udongo mwekundu kwenye msingi wa nyumba ya jirani, nikachanganya na maji nikachora kwenye hadibodi, ikapendeza kweli, ila baada ya siku chache ukigusa inatoka unga na vipande vinabanduka. Nikajaribu na mafuta ya alizeti, mpaka leo inanata na vumbi lote limeganda hapo. Bogonvilia na choya nilivyoponda vilitoa rangi nzuri sana, nikatundika sebuleni karibu na dirisha, sasa hivi imebaki kahawia kahawia. Kibakuli nilichofinyanga kimepasuka. Jirani mmoja anasema udongo wa huku haufai, nichanganye na mlenda, mwingine anasema niache kuokota okota vitu porini nitaokota na mabaya. Hiyo amani wanayosema sijaisikia, zaidi napata stresi. Tatizo ni mimi, ni udongo, au nimekosea wapi? Na je, siku moja naweza kuuza?"*

Marahaba dada yangu, na pole na ugeni wa jua letu. Swali lako nimelisoma mara mbili maana humo ndani mna maswali matatu yamechanganyikana: kwanini kazi zinaharibika, kwanini moyo hautulii, na kama kuna pesa mbele. Yote nitayajibu ila nianze na hili la mkono wako, maana naona ndo linakuumiza zaidi. Mkono wako hauna shida, na udongo wa Dodoma hauna shida kabisa, ni kati ya udongo mzuri wa rangi unaoweza kuupata nchi hii. Kwenye ile hadibodi kilikosekana kitu kimoja tu, gundi.

Ngoja nieleze, maana ukishaelewa hapa mengine yote yatakaa sawa. Rangi yoyote ya kuchorea, hata ile ya kopo la dukani, ina vitu viwili. Kuna unga unaoleta rangi, na kuna kitu kinachoushika ule unga usiondoke. Udongo wako ni unga tu. Ulipoweka maji, maji yakaubeba mpaka kwenye ubao, yakakauka yakaenda zao, unga ukabaki umekaa juu bila kushikwa na chochote, ni sawa na unga wa sembe uliomwagika mezani, ukiupuliza unaondoka. Alafu kuna na hadibodi yenyewe, nina uhakika ulichorea upande ule laini unaoteleza. Upande ule haunywi maji, kwa hiyo hata gundi nzuri ingehangaika. Pitisha msasa mpaka mng'ao uishe, au geuza utumie upande wenye vinyweleo, au tumia manila nene, mbao ghafi, au kitambaa cha marekani ulichokipaka gundi nyepesi kwanza kikakauka.

Sasa mafuta ya alizeti. Hapa sikulaumu, sisi huku kanda ya kati alizeti ndo tunayo, Singida na Dodoma yamejaa, na umeona mtandaoni watu wanachanganya rangi na mafuta ukasema si mafuta ni mafuta. Hapana, mafuta yanatofautiana. Rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza maji, inakauka kwa mafuta kushikana na oksijeni ya hewani mpaka yanageuka kuwa kitu kigumu. Yapo mafuta yanayofanya hiyo kazi vizuri, maarufu ni ya mbegu za kitani, mafundi fanicha wanayaita linsidi. Alizeti yanafanya polepole mno na hata yakifika mwisho yanabaki laini, ndo maana kazi yako bado inanata na imekula vumbi lote la Iyumbu. Ile kazi achana nayo, haiokoki. Na ukiamua kununua linsidi chukua tahadhari moja ambayo mafundi wengi hawaisemi: kitambaa ulichofutia yale mafuta usikikunje ukakitupa kwenye ndoo ndani ya nyumba. Yakiwa yanashika oksijeni yanatoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka moto chenyewe. Kitandaze nje kikauke, au kiloweke kwenye maji. Ila kwa mtu anayeanza ningesema sahau mafuta kwanza, tumia gundi za maji.

Kabla ya gundi lakini, udongo wenyewe inabidi usafishwe, na hii hatua usiiruke maana ndo inayotofautisha rangi na tope. Chukua ule udongo wako wa msingi, uvunje vunje, uweke kwenye ndoo na maji mengi, ukoroge kwa mkono mpaka mabonge yaishe. Acha kidogo, hesabu taratibu mpaka 20 hivi. Mchanga na vijiwe ni vizito, vinashuka chini haraka, ule unga laini unabaki unaelea kwenye maji. Mimina yale maji mekundu kwenye chombo kingine kabla nayo hayajatulia, mchanga uuache chini. Rudia tena, pitisha na kwenye kitambaa chepesi, kanga iliyochakaa inafaa sana. Alafu acha yale maji yatulie mpaka kesho yake, juu yatakuwa meupe, yamwage pole pole, chini utakuta uji mzito laini ambao ukiupaka kati ya vidole viwili husikii hata punje moja. Ukisikia kakitu kanakwaruza, rudia. Huo uji ukiuanika unapata madonge ya rangi ambayo unaweza kuyaweka kwenye kopo miaka na miaka.

Na usichukue udongo wa sehemu moja tu. Rangi ya huu wekundu inatoka kwenye oksidi ya chuma, kwa lugha ya nyumbani ni kutu. Kuna udongo wa njano ambao nao ni chuma kile kile ila kimebeba maji ndani yake, ukiuweka kwenye bati kavu juu ya jiko la mkaa ukaupasha sana yale maji yanatoka na ule unga unageuka mwekundu mbele ya macho yako, njano inaenda chungwa inaenda nyekundu ya matofali. Yaani jiko moja na kilo ya udongo vinakupa rangi nne tano tofauti. Nyeusi tutaifikia, nyeupe unatumia chokaa iliyokwisha kuzimwa na maji, ile ya kupaka kuta, ila angalia macho na mikono maana inaunguza.

Haya, gundi. Ziko kadhaa na kila moja ina tabia yake, nitasema ukweli wa kila moja alafu uchague mwenyewe. Ya kwanza ni gundi nyeupe ya mbao ya dukani, ichanganye na maji nusu kwa nusu, tia kwenye uji wa udongo. Inashika sana, haibanduki, haiozi, kwa anayeanza ndo naipendekeza. Kuna watu watakwambia sio ya asili, ni kweli sio ya asili, lakini kazi itakuwepo mwakani, we ndo uamue kipi muhimu kwako. Ya pili ni kiini cha yai, unatenganisha na ute mweupe, unakipasua na kukamua kile kimiminika cha ndani tu, ngozi unatupa, unachanganya na udongo kwa kiasi kinacholingana. Hii wachoraji wameitumia kwa karne nyingi na ikikauka inakuwa ngumu ajabu, ila changanya ya siku hiyo tu, kesho inanuka. Ya tatu ndo ninayoipenda mimi, ile gundi ya miti ya jamii ya migunga, yale machozi ya rangi ya asali yanayojitokeza kwenye gome wakati wa kiangazi. Loweka fungu moja kwa maji ya uvuguvugu mafungu mawili, iache usiku kucha, chuja uchafu. Tia asali matone machache ili isipasuke pasuke ikikauka, na tone la mafuta ya karafuu isiote ukungu. Hapo umetengeneza rangi ya maji kama zile za watoto shuleni, kasoro yake ni hiyo hiyo, ikipata maji inayeyuka tena, kwa hiyo kazi yake iwekwe kwenye fremu yenye kioo.

Kiasi gani cha gundi? Hapa hakuna kipimo kimoja maana kila udongo unakunywa tofauti, lakini kuna testi rahisi. Paka kipande kidogo, kikikauka kabisa kisugue na kitambaa cheupe kikavu. Kitambaa kikitoka na wekundu, gundi haijatosha, ongeza. Kikitoka safi lakini rangi inang'aa ng'aa na ina mipasuko midogo, gundi imezidi, ongeza udongo. Ikiwa imefubaa na kitambaa safi, hapo hapo simama, andika ulichofanya. Watu wengi wanakata tamaa kwa sababu hawafanyi hivi vipande vya majaribio, wanaanza na picha kubwa moja kwa moja.

Kuhusu mlenda, jirani yako usimcheke, hajasema upuuzi. Ule utelezi wa mlenda na bamia unashika kweli, huko Meksiko watu wanatumia utelezi wa dungusi kwenye plasta ya chokaa miaka mingi. Kwenye ukuta wa udongo unaweza kusaidia. Kwenye karatasi mimi sikushauri, nguvu yake ndogo, unaota ukungu, na sisimizi watakuja kula picha yako. Mlenda bora uule na ugali.

Tuje kwenye maua, na hapa nakuomba usinichukie. Rangi ya bogonvilia na ya choya haijapauka kwa sababu ulikosea, imepauka kwa sababu ndo ilivyo. Rangi ya udongo ni madini, ile kutu imeshapigwa jua maelfu ya miaka huko ardhini, hakuna jipya dirisha lako litaifanyia. Rangi ya ua ni kemikali laini ambayo mmea umeitengeneza ifanye kazi siku chache, imvute mdudu basi. Mwanga wa jua unazivunja zile chembe moja moja, na zikivunjika hazirudi. Manjano ya kupikia nayo hivyo hivyo, inapendeza sana siku ya kwanza, dirishani haina maisha. Kuna dawa ya kupunguza, shabu, hii hii ya kusafishia maji inayouzwa sokoni, ukichemsha kitambaa cha pamba kwenye maji ya shabu kabla ya kutia rangi inashika vizuri zaidi na inaongeza umri kwa baadhi ya mimea. Kwa bogonvilia hata shabu haitakuokoa.

Kwa hiyo choya yako ichukue kama mchezo wa kemia uufurahie ulivyo. Chemsha choya, gawa kwenye vikombe vitatu. Kimoja kamulia limao, kinawaka wekundu. Kimoja weka magadi kidogo sana, kinageuka kibluu au kijani usiamini macho yako. Chora navyo, piga picha siku hiyo hiyo, weka karatasi ndani ya daftari lililofungwa gizani, huko itadumu zaidi. Ila kutundika sebuleni, hapana.

Kibakuli nacho kina maelezo. Udongo wa mfinyanzi unabeba maji katikati ya chembe zake, yakitoka chembe zinasogeleana na chombo kinasinyaa. Kikisinyaa chote kwa pamoja hakuna tatizo. Shida ya Dodoma ni hewa kavu na upepo, hasa kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa, ukingo wa juu unakauka asubuhi ile ile wakati kitako bado kibichi, juu panavuta chini panakataa, pap, ufa. Tia mchanga laini au vigae vya chungu kilichovunjika ulivyovisaga, hakikisha unene uko sawa kila sehemu, alafu kifunike na mfuko wa plastiki ukiwa na vitundu kidogo, kikae kivulini kikauke taratibu. Angalia pia kama huo wa msingi ni udongo wa kufinyangia kweli. Viringisha kijiti chembamba cha udongo mbichi ukizungushe kwenye kidole, kikikatika katika una mchanga mwingi humo, huo ni wa rangi sio wa chombo. Na ule mweusi wa mbugani usiupeleke kabisa kwenye kufinyanga, unavimba ukipata maji na kupasuka ukikauka, umeshauona mwenyewe ardhini wakati wa kiangazi. Na jua kwamba chombo ambacho hakijachomwa ni tope lililokauka tu, ukitia maji kinarudi kuwa tope. Kuchoma usijifunze kwenye video. Nenda sokoni, pale wanapouza vyungu, Majengo au minada ya vijijini, uliza huyu mama anayefinyanga anakaa wapi, umfuate kwa adabu, ukae naye siku nzima umlipe muda wake. Mkono wa mfinyanzi una vitu ambavyo mimi siwezi kuviandika hapa.

Nilisema tutafikia nyeusi. Unakaa mkoa wa zabibu dada, na sidhani kama kuna mtu amekwambia kwamba mkaa wa kuchorea unaosifiwa sana na wachoraji duniani unatokana na fito za mzabibu. Wakulima wa Hombolo, Makutupora, Mpunguzi wanapopogolea wanatupa mizigo ya fito, nyingine wanachoma tu shambani. Omba mzigo mmoja. Zikate urefu wa kidole, zimenye gome, zipange zibanane kwenye kopo la maziwa ya unga, funga kifuniko, toboa tundu moja na msumari, chomeka kwenye moto wa jiko. Moshi utatoka kwenye tundu, ukiona umeisha, toa kopo, na hapa kuwa mvumilivu, usifungue mpaka lipoe kabisa, maana ukiingiza hewa fito zikiwa za moto zinawaka zinakuwa majivu na kazi imekwisha. Zikitoka vizuri zinalia kidogo ukizigonganisha, na zinachora mstari mweusi laini unaofutika kwa kidole. Zile zilizovunjika saga, tia gundi, ndo nyeusi yako hiyo.

Sasa moyo. Umesema amani hujaisikia na mji hujaupenda. Nitakwambia ninavyoona ingawa sikujui. Wewe umekuja Dodoma ukiwa unatafuta Dar. Pwani kijani ipo mwaka mzima, huku mvua yetu ni kama milimita 500 mpaka 600 kwa mwaka na karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo miezi mingi mti ukiwa na akili unaangusha majani kutunza maji. Mbuyu unaouona mkavu haujafa, umejaza maji kwenye shina unasubiri, na mvua zinapokaribia unatoa maua makubwa meupe yanayofunguka usiku, popo ndo wanakuja kuyachavusha. Kiangazi cha huku hakina maua mengi lakini kina maumbo: maganda ya mbegu, miiba, gome, mawe makubwa ya kule Mlima Simba, nyufa za ardhi. Ulianza na bogonvilia, ua la uani lililotoka Amerika Kusini, ukaacha yote hayo. Sikulaumu, mtandaoni ndo wanachoonyesha.

Na kuhusu hizi ahadi za kutulia, ukweli wake ni huu. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2016, watu 39 walikaa dakika 45 wanachezea udongo, kalamu na karatasi, na kama robo tatu yao homoni ya stresi kwenye mate ilishuka, na haikujalisha kama mtu ana uzoefu wa sanaa au hana. Inatia moyo, lakini ni watu wachache na hapakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo usiubebe kama dawa. Mwingine ni wa Uingereza, 2019, karibu watu 20,000, ukaonyesha wanaopata angalau dakika 120 kwa wiki kwenye mazingira ya asili wanajieleza kuwa na afya na hali njema zaidi kuliko wasiokwenda kabisa. Hata hapo hatujui kama mazingira ndo yaliwafanya wawe wazima au wazima ndo wanaotoka kutembea. Ninachokiona mimi kwa wanafunzi ni kwamba anayetulia sio yule mwenye kazi nzuri, ni yule aliyerudi sehemu ile ile mara nyingi mpaka akaanza kuona mabadiliko. Wewe umefanya vitu vinne tofauti na karibu vyote umevifanya ili vikae ukutani. Jaribu hivi: chagua korongo moja au mti mmoja ambao unaweza kufika kwa mguu kutoka Iyumbu, nenda jioni jua likipungua, mara moja kwa wiki, chota udongo kidogo wa pale, paka kamraba kamoja kwenye daftari, andika tarehe, rudi nyumbani. Simu iache mfukoni. Usitegemee kusikia chochote mwezi wa kwanza, na ukiboreka boreka tu.

Ukipata nafasi panda basi la Kondoa. Kama kilometa 180 kutoka mjini, barabara ya Babati, kuna Kolo, na milimani kule mapango yenye michoro ya miambani, UNESCO waliiweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mary Leakey, yule mtafiti wa mambo ya kale, alikuja kuinakili mwaka 1951. Kuna watu wembamba warefu, kuna twiga, tembo, na mingi ni wekundu huu huu wa udongo unaosema haufai. Imedumu kwa sababu ni madini na imekaa chini ya miamba inayokinga mvua na jua, ungeweka dirishani mwako nayo ingebaki. Nenda na mwongozaji kutoka ofisi ya mambo ya kale pale Kolo. Usiguse, usimwagie maji wala soda ili picha itoke vizuri, watu wamefanya huo ujinga wakaharibu michoro, na usikwangue hata kidogo, ni kosa kisheria.

Na huyo jirani anayesema utaokota mabaya, msikilize nusu. Baadhi ya mapango kule Kolo Warangi bado wanafanyia matambiko, na huku kwa Wagogo kuna mibuyu na vilima vyenye wenyewe. Ukienda sehemu usiyoijua uliza wazee kwanza, hilo ni adabu tu, na mara nyingi ukiuliza unapewa na stori za mahali. Matawi yaliyoanguka okota, usikate miti mibichi, na kwenye hifadhi ya msitu usitoe kitu bila kibali cha TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu.

Nusu nyingine ya kumsikiliza ni kwamba mabaya mengine yapo kweli, ila ni ya mimea. Mnyaa, ule wa uzio unaotoa maziwa meupe, usiutumie kwa kazi yoyote. Yakikuingia jichoni yanaunguza na yanaweza kuharibu uoni, suuza kwa maji mengi safi angalau dakika 15 na uende hospitali hapo hapo, usisubiri kesho, usitie maziwa ya ng'ombe wala dawa ya jirani. Zile mbegu nyekundu zenye kidoa cheusi ambazo watu wanatungia shanga zina sumu kali sana zikitafunwa au zikitobolewa, nyonyo nazo hivyo hivyo, kama kuna mtoto ndani usizilete. Unga mweusi wa betri kuukuu ambao wengine wanatumia kutia rangi nyeusi, achana nao, mkaa wako wa zabibu unatosha. Vumbi la udongo mkavu usilisage ukiwa umefunga madirisha, saga ukiwa umelilowesha au vaa barakoa, maana chembe zake zinakaa mapafuni. Ukianza kikohozi kisichoisha wiki mbili tatu nenda kapime.

Kuna kitu kingine sitaki nikipite. Stresi ya ugeni ipo na inaisha, ila kama usiku hulali, chakula hakipandi, unalia bila sababu, au hata vitu ulivyokuwa unavipenda huko Dar havikuvutii tena na hali hiyo imepita wiki mbili, hapo usisubiri udongo ukuponye. Ongea na daktari au mshauri nasaha ana kwa ana. Mirembe, hospitali ya afya ya akili, iko hapa hapa mjini, najua watu wanavyoitania, lakini pale wanaenda watu wa kawaida wenye kazi na familia wakapate ushauri wakarudi nyumbani. Na ikitokea umepata mawazo ya kujidhuru, nenda siku hiyo hiyo, mtu akusindikize.

Kuuza, ndio, inawezekana, ila bado kidogo. Uza kazi za udongo na mkaa, zile zilizopita testi ya kitambaa cheupe na zimekaa ukutani kwako kipindi kizima, kiangazi na masika, hazijabadilika. Nyuma ya kila kazi andika umetumia udongo wa wapi na gundi gani, wanunuzi wa vitu hivi wanapenda kujua, na kama ni gundi ya mgunga mwambie mtu asiifute na kitambaa kibichi. Za maua usiuze, au ukiuza mwambie mteja kabisa itapauka. Bei usiiweke ya kujionea huruma, lakini usianze na ya Dar. Na ile hadibodi ya kwanza usiitupe, ule udongo ukwangue urudi kwenye ndoo, ubao upige msasa, anza nao upya.